Ngoma Imetokea Upande Gani? Mashabiki wa Kakamega na Musingu, na Mwanzo wa Daftari Letu



Kijitabu hiki cha harambee huwa na ripoti ya mwenyekiti, hesabu zilizokaguliwa, picha za watoto waliopata basari, na mwishoni kurasa chache za historia ya kwetu. Mwaka huu kamati imetupa sisi wa meza ya mweka hazina kazi ya kuandika historia hiyo, kwa kuwa madaftari ya zamani yako mikononi mwetu. Tungeweza kuandika juu ya machifu, au dhahabu, au makanisa. Tumeamua kuandika juu ya mashabiki wa mechi ya shule mbili, Kakamega na Musingu, kwa sababu ambayo mhasibu yeyote ataielewa: ukifungua daftari la kwanza la chama chetu, jambo la kwanza lililolipiwa humo ni hasara iliyoletwa na mashabiki. Tutafika hapo.

Wachezaji tumewaacha makusudi. Wao wana picha ukutani na vikombe katika ofisi ya mwalimu mkuu. Shabiki hana kitu isipokuwa sauti iliyokauka siku ya Jumapili kanisani, na mchungaji akitangaza wimbo anajua kabisa nani alikuwa wapi jana.

Sisi wa katikati

Mahali petu ndipo palipotufanya mashabiki wa aina ya pekee. Ukitoka Kisumu kwa barabara kuu unapita Khayega, na pande hizo ndiko iliko Musingu. Ukiendelea kaskazini kwa mwendo wa matatu usiofika nusu saa unaingia mjini Kakamega, na huko ndiko iliko Kakamega School. Nyumba zetu ziko kati.

Shule ya mjini ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1932, wakati ule ule ambao watu kutoka kila pembe walikuwa wakimiminika Kakamega kutafuta dhahabu iliyogunduliwa mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo tangu mwanzo ilionekana ni shule ya mji, shule ya serikali, yenye wanafunzi wa kutoka mbali. Musingu ilikuja baadaye, na wazee wetu wengi wakaihesabu kuwa shule ya hapa hapa. Hatusemi walikuwa sahihi. Musingu nayo imesomesha watoto wa mbali, na Kakamega imesomesha watoto wetu wengi sana, wakiwemo baadhi yetu tunaoandika haya. Lakini hisia hiyo ilikaa: kule serikali, huku nyumbani. Timu ya Kakamega ikajulikana nchi nzima kwa jina la Green Commandos, na ya Musingu kwa jina la Scorpions. Hapa tutasema Kijani na Nge, ili wino usiishe.

Wanaosimulia habari za mashindano haya huyaeleza kana kwamba kulikuwa na kabila mbili za watu, kila moja na upande wake wa uwanja. Kwetu haikuwa hivyo. Nyumba moja ilikuwa na baba wa Kijani, mtoto wa kwanza Nge, wa pili Kijani, na khotsa wao aliyeacha shule darasa la saba lakini akawa na maoni kuliko wote. Muhula wa pili ulipofika, ambao ndio muhula wa soka, kulikuwa na nyumba ambazo watu walikula kwa zamu ili wasitukanane mbele ya ugali.

Kukhu mmoja wa kwetu, marehemu sasa, alikuwa na wajukuu wawili shule tofauti. Siku ya mechi alisimama kwenye kona, mahali ambapo si pa mtu, na kupiga vigelegele kwa kila goli lililoingia popote. Vijana wakamfuata kumuuliza yeye ni wa wapi hasa. Akawajibu kwamba analipa karo huku na analipa karo kule, basi kila goli lina pesa yake ndani.

Jinsi habari ilivyofika

Siku hizo kabla ya simu za mkononi, waliobaki nyumbani, yaani wakongwe, wagonjwa na kina mama wenye watoto wachanga, hawakuhitaji mtu wa kuwaletea matokeo. Walikaa nje jioni na kusikiliza barabara. Ngoma ikianza kusikika kutoka kaskazini, ikiteremka kutoka mjini kuja kusini, basi Nge wameshinda na watu wao wanarudi nyumbani wakicheza. Ngoma ikikatika kule kule mjini na barabara ikabaki na ngurumo za malori tu, basi Kijani wameshinda, na wetu waliokwenda kuwashangilia Nge wanarudi mmoja mmoja kwa njia za mashambani, kupitia kwenye miwa, ili wasikutane na mtu. Mechi ikichezwa kusini, hesabu inageuka. Swali la jioni hiyo katika kila boma lilikuwa moja: ngoma imetokea upande gani?

Ilitokea pia ngoma zikasikika pande zote mbili. Hiyo ilikuwa sare, ambapo kila upande ulijihesabu mshindi.

Mafahali walitangulia

Mtu aliyezoea kutazama mpira kwenye televisheni angewaona mashabiki wetu wa miaka ya 70 na 80 na kudhani ni fujo tupu. Watu wanakimbia na timu kando ya mstari, juu na chini, na matawi mikononi. Goli likiingia, uwanja unavamiwa, mfungaji anazungukwa na kutoweka, refa anapiga filimbi mpaka anachoka, kisha watu wanatoka wenyewe na mchezo unaendelea. Ugeni huo ulikuwa na utaratibu wake, na kwa maoni yetu utaratibu huo haukutoka Uingereza pamoja na mpira. Ulikuwa hapa tayari. Ulitoka kwa mafahali.

Kila Mwisukha na Mwidakho anajua jinsi fahali anavyopelekwa kupigana. Anasindikizwa alfajiri, isukuti ikilia, watu wakitangulia na wengine wakifuata, wote na matawi, wakimsifu yeye kwa jina lake na ukoo wa mwenye kumlisha, na kuwasema wa upande wa pili kwa mafumbo ambayo mtoto hayaelewi. Fahali akishinda, watu wanamvamia uwanjani na kumrudisha nyumbani kama bwana harusi. Akikimbia, watu wake wanatawanyika bila neno. Sasa chukua hayo yote, umwondoe fahali, na mahali pake umweke kijana wa kidato cha tano mwenye jezi nambari 9. Hapo umepata mechi ya Kakamega na Musingu.

Hata ngoma ni ile ile. Isukuti hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na mpigaji huikumbatia kwapani ili aweze kukimbia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tuliposoma habari hiyo Nairobi tulitazamana. Kumbe kile tulichokuwa tukipiga nyuma ya goli, huku mwalimu wa zamu akitufukuza, kilikuwa urithi wa dunia.

Kushindwa nako kulikuwa na adabu yake, na hapa ndipo vijana wa leo wanapotupwa mbali na wazee. Aliyeshindwa hakujibu. Alitoka akiwa kimya, na mshindi aliruhusiwa kumfuata kwa nyimbo mpaka njia panda, si zaidi. Kulikuwa na utani wa jeneza la makaratasi lililobebwa na kuzikwa, na kulikuwa na mambo ya kafara pia, timu kupita uani badala ya langoni kwa kuogopa kilichofukiwa hapo. Hatutayaendeleza hayo, kwa sababu baadhi ya waliohusika sasa ni wazee wa kanisa.

Mpira na maiti

Baadhi ya wanachama vijana wametuuliza kwa nini chama cha maendeleo kinajishughulisha na mpira. Jibu liko Nairobi.

Wazee wetu walioenda mjini kutafuta kazi walianzisha vyama vya watu wa kwao. Mkutano wa Jumapili ulikuwa na mambo mawili makubwa: jinsi ya kusafirisha maiti kuja kuzikwa nyumbani, na timu ya mpira. Watu wa Marama walikuwa na timu yao, wa Samia yao, wa Bunyore yao, na kadhalika. Mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru, timu hizo ziliungana zikawa Abaluhya. Ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe kwenye vilabu, ikawa AFC Leopards, Ingwe yetu. Majirani zetu Wajaluo walikuwa wamefanya vivyo hivyo mwaka 1968 walipoungana kuwa Gor Mahia. Kwa hiyo vyama kama hiki na vilabu vya mpira ni watoto wa tumbo moja. Waliochanga sanduku ndio waliochanga jezi.

Na miaka ya kwanza ya 80, Ingwe ilipokuwa bingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, mechi ya shule zetu mbili ilizidi uzito. Watu hawakuwa wakitazama wanafunzi tena. Walikuwa wakitazama Ingwe ya kesho, na kila mmoja alitaka kesho hiyo itoke shuleni kwake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Mandazi

Tunaandika sehemu hii kwa uangalifu. Shule zilizocheza siku hiyo hatuzitaji, na kwa kweli hazihusiki, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameshapanda lori. Ilikuwa mechi ya mchujo, na goli moja lilikataliwa. Waliorusha mawe hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa watu wazima wa kwetu, baba zetu na kaka zetu wakubwa, watu wenye kazi na watoto. Baadhi yao wako hai na watasoma ukurasa huu. Tunawaheshimu, na wao wenyewe ndio waliotusimulia.

Jiwe lilimpata mshika kibendera kichwani. Watu walipokimbia walipitia pale kina mama walipokuwa wakiuza, kwenye mti kando ya uwanja, palipokuwa na miwa, njugu, mukombero na chai. Beseni la mandazi lilipinduliwa na kukanyagwa. Sufuria ya chai ilimwagika ikamchoma mguu mtoto wa yule mama aliyekuwa akiuza. Unga ule ulikuwa wa kukopa, na mama huyo alikuwa mjane.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wanaosimulia wanasema hapakuwa na mtu aliyeuliza ngoma ilitokea upande gani.

Habari ilifika Nairobi kwa barua. Vijana wa kwetu waliokuwa wakikutana Kawangware kila mwisho wa mwezi waliisoma kwa sauti. Mmoja wao akatoa daftari la shule, lile la kurasa 48, akachora mistari kwa rula. Ukurasa wa kwanza una mambo matatu: mandazi na chai ya mama, hospitali ya mtoto, pole ya mshika kibendera. Kiasi hatutakitaja, kwa kuwa nyumba hizo zipo na zinakijua. Chini yake kuna safu mbili za michango. Moja imeandikwa K, nyingine M.

Kihasibu ni daftari baya. Hakuna risiti hata moja, jumla ya ukurasa wa pili imekosewa, na kuna mchango ulioandikwa "kuku". Lakini zile safu mbili zinaeleza kila kitu. Waliosoma Kakamega hawakutaka isemwe kwamba Musingu wamelipa zaidi, na waliosoma Musingu vivyo hivyo. Kila upande ulitaka kuonyesha kwamba mawe hayakutoka kwake. Pesa zilizidi zilizohitajika. Zilizobaki hazikurudishwa; zilimlipia kijana mmoja karo ya muhula. Hiyo ndiyo basari ya kwanza ya chama hiki, ingawa chama chenyewe kilikuwa hakijapata jina.

Safu ya tatu

Tangu wakati huo mchango wetu umeendeshwa kwa safu. Kila harambee mwenyekiti husoma jumla ya K na jumla ya M, watu wanasimama, matawi yanatoka sijui wapi, isukuti inalia, na upande ulioshindwa huomba dakika 10 za kuongeza. Mara moja tulijaribu kuunganisha yote kuwa safu moja, kwa hoja nzuri kabisa kwamba sisi ni ndugu. Mchango ukashuka. Mwaka uliofuata tukarudisha safu bila mjadala mrefu.

Lakini kuna safu ya tatu, W, yaani wengineo. Iliongezwa baadaye kwa ajili ya wote wasiosoma shule hizo mbili, na ukiangalia majina utaona kwamba wengi ni wanawake: dada zetu waliosoma Mukumu na Butere na kwingineko, wake zetu waliotoka mbali, mama zetu ambao hawakupelekwa shule kabisa. Hawa hawakuwahi kuwa na timu katika mechi hiyo. Walikuwa uwanjani miaka yote, wakiuza, wakipiga vigelegele, wakiokota watoto waliopotea, na hakuna anayewahesabu anaposimulia habari za mashabiki. Sisi wenyewe tumefika nusu ya makala haya kabla ya kuwataja sawasawa.

Tulipokuwa tukitayarisha hesabu za mwaka huu tulirudi nyuma na kujumlisha kila safu peke yake. Kwa miaka mitatu mfululizo W imeizidi K, na imeizidi M. Hakuna aliyejua, kwa sababu W husomwa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuelekea kwenye chakula, na mara nyingi haisomwi kabisa ila hujumlishwa tu. Hilo ni kosa la meza yetu, si la mtu mwingine. Tumeliandika hapa ili libaki kwenye kumbukumbu.

Kelele zilivyopungua

Mechi bado ipo na shule zote mbili bado ni kubwa katika soka la Magharibi. Kilichobadilika ni umati.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya umri. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na darasa la mwisho la kidato cha sita likamaliza mwaka 1989. Wale wachezaji wenye ndevu, waliokuwa wakikaribia miaka 20, wakatoweka kwa mara moja. Wazee walizoea kushangilia wanaume; sasa wakaambiwa washangilie watoto. Wengine waliacha kwenda, na kusema kweli hatukuwalilia, kwa sababu baadhi yao ndio waliokuwa wa mawe.

Sisi tuliokuwa shule miaka ya 90 tuliikuta mechi ikiwa bado na moto. Tunakumbuka kusimama kwenye mvua tukiwa na sweta zilizolowa, tukiimba nyimbo ambazo mwalimu alijifanya haelewi Kiluhya. Matokeo ya mechi tunazozikumbuka hatutayaandika. Tulijaribu kuyakubaliana mezani, wahasibu wawili na karani mmoja, na tukashindwa.

Halafu mashindano yakapangwa upya, timu nyingi mahali pamoja, siku za kazi, michezo miwili mitatu kwa siku. Ni rahisi kwa walimu na ni salama zaidi kwa watoto. Wanafunzi wengi hubaki darasani, lango hufungwa, na mama wa mandazi hubaki nje ya ua. Mwaka 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na michezo ikasimama misimu miwili. Watoto waliokuwa darasa la sita wakati huo walifika sekondari bila kuwahi kuiona mechi hiyo hata mara moja. Jumamosi jioni siku hizi kelele kubwa kijijini zinatoka kwenye kibanda cha video, Arsenal ikicheza. Hatuna ugomvi na Arsenal. Tunasema tu kwamba hakuna mtoto wa kwetu anayelipiwa karo pale.

Bukhungu, tangu kaunti zianze mwaka 2013, umejengwa upya, na tunajivunia. Kombe la Chalenji la Desemba 2017 lilipochezwa Kenya, tulikuwa Bukhungu kuitazama Kenya ikiifunga Rwanda 2-0, na mwaka uliofuata sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba zikaletwa hapo hapo. Kuna viti na kuna uzio. Isukuti iliingia nasi, lakini tuliona jambo: ngoma ya kukumbatiwa kwapani haijui kukaa kitini. Mpigaji alihangaika kati ya magoti ya watu, akasimama, akaambiwa akae, akatoka akaenda kupiga nje ya lango. Waliomfuata walikuwa wengi.

Uwanja wetu

Tumefika kwenye ombi, kwa kuwa hiki ni kijitabu cha harambee.

Kila baada ya mechi kubwa, vijana wa kwetu walikuwa wakiirudia kwenye uwanja wa shule ya msingi. Waligawana, hawa Kijani hawa Nge, na matokeo yalirekebishwa mpaka yakampendeza mwenye mpira. Sisi sote tulijifunza kushangilia hapo kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Leo uwanja huo una goli moja, na hilo moja ni nguzo mbili bila mtambo wa juu. Mvua imechimba mfereji katikati. Boda boda zimefanya njia ya mkato kutoka kona hadi kona.

Kamati imeamua mradi wa mwaka huu uwe uwanja huo: kusawazisha na kupanda nyasi, kuziba njia ya mkato, magoli, ngazi za udongo za kukalia upande wa kilima, choo, bomba la maji, na vibanda vitatu vya bati chini ya ule mti kwa ajili ya kina mama wanaouza. Kuna waliopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema karo haijatosha, mtoto hawezi kula nyasi. Tunawajibu kwa hesabu. Mfuko wa basari hauguswi. Uko kwenye akaunti yake na mtaona taarifa yake ukurasa wa bajeti. Uwanja utachangiwa kivyake. Na tukiangalia daftari tangu ule ukurasa wa mandazi, pesa za basari hazikutoka kwenye huruma peke yake. Zilitoka kwa watu waliosimama mahali pamoja wakipigiana kelele, na mahali hapo pakifa hatujui tutakutana wapi.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa juu ya nini kijengwe kwanza. Wanaume wa mpira walitaka magoli. Meza yetu ilipeleka orodha yenye vibanda na maji mbele, magoli nafasi ya nne. Kura zilipigwa mara mbili. Vibanda vimepita kwa kura moja, na mwanachama aliyebadilisha kura yake ni Nge wa siku nyingi ambaye mama yake alimsomesha kwa njugu.

Harambee itafanyika uwanjani hapo hapo tarehe 27 Desemba kuanzia saa nne asubuhi, na baada yake kutakuwa na mechi ya waliosoma zamani, K na M, dakika 30 kila kipindi kwa sababu ya magoti. Wa K mtavaa kijani. Wa M mnajua wenyewe. Safu za michango zitasomwa hivi: W kwanza, kisha zile nyingine mbili, na chakula hakitafunguliwa kabla ya hapo. Viti vya mstari wa mbele ni vya kina mama, na karani atasimama karibu navyo.

Mwenye ile isukuti kubwa iliyopasuka ngozi mwaka juzi aifikishe kwa karani kabla ya tarehe 20, ili iwambwe upya.